Masaa manane Malindi na shangazi: koneksheni iliyoangukia Ijumaa

Nakieleza hiki kisa kirefu kidogo manake najua wenzangu wa Lamu wengi kitawakuta. Ukitaka kumpeleka mgonjwa Nairobi, basi la kupitia Witu na Garsen ni safari ndefu na vizuizi vya askari njiani, mtu mwenye goti bovu hawezi, kwa hivyo familia inachanga inakata ndege. Na siku unayoitaka wewe ile ya moja kwa moja imejaa, unaambiwa iko ya kupitia Malindi, ushuke hapo ungoje upande nyingine. Sisi tulingoja masaa manane. Mi na shangazi yangu, dadake babangu, ana miaka sabini na kitu, alikuwa anaenda kuangaliwa macho, na mara ya mwisho kuukanyaga mji wa Malindi alikuwa bado mwari.

Kila niliyemwambia tunapita Malindi alinipa orodha yake. Nenda Gedi, nenda kwenye mnara wa Vasco da Gama, panda boti uone samaki, kula biriani, kula viazi karai, kula aiskrimu ya Waitaliano. Orodha nzuri zote lakini hakuna hata mmoja aliyenambia habari ya saa, na siku ile ilivyokwenda nimeona mambo yote yalikuwa kwenye saa. Mji una saa zake za kupika, za kufunga na za kuswali, na msafiri mwenye masaa machache akizifuata atakula na kuona, asipozifuata ataishia kuzunguka kwenye milango iliyofungwa. Sisi tulizifuata asubuhi, mchana tukaziacha, na hapo ndipo tulipokaribia kuachwa na ndege.

Tuanze na hesabu. Tulivuka na boti asubuhi mapema kwenda Manda, kisiwa chenye eapoti ya Lamu, ndege ndogo ikaruka, na kutoka Manda mpaka Malindi ni nusu saa hivi. Shangazi alikaa dirishani kwa sababu nilimuomba yule kaka wa mbele atubadilishie. Tukaupita mlango wa mto Tana pale Kipini, tukapita Ngomeni, nikamuonesha baharini kule ambako Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi, na mwaka 1970 tarehe 12 Disemba, siku ya Jamhuri, ikarushwa setilaiti hapo ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku yenyewe. Akanitazama. "Hapa kwetu hapa?" Nikamwambia naam shangazi, hapa hapa. Halafu tukafika pale mto Sabaki unapoingia baharini, maji mekundu kama chai ya maziwa yamesambaa mbali kweli, na hiyo ndo alama kwamba Malindi umeshafika.

Tulitua saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Ndege ya Nairobi saa kumi na nusu jioni. Ukisikia hivyo unaona una kutwa nzima lakini huna. Kaunta inafungwa dakika arobaini na tano kabla, na mi na mtu mzima anayetembea polepole sitaki kufika ya mwisho mwisho, nikaweka saa tisa kamili kuwa ndo saa ya kurudi eapoti. Mbele nako ukitoa muda wa kungoja mabegi na kwenda chooni na kutafuta usafiri, unaanza kuhesabu kutoka saa tatu kasoro. Kwa hivyo masaa manane yakawa sita. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanapanga safari zao na ile namba kubwa ya kwenye tiketi, na ile namba si yako yote.

Sasa faida kubwa ya Malindi ni kwamba eapoti iko mlangoni mwa mji, kilomita mbili tatu hivi kando ya barabara ya Mombasa, tuktuk dakika kumi umeshafika sokoni. Si kama miji ambayo kutoka uwanjani tu ni saa nzima kwenye foleni. Shida ilikuwa mizigo. Tiketi zetu zilikuwa mbili mbalimbali, ya kwanza ikiishia Malindi na ya pili ikianzia hapo, kwa hivyo begi halikuunganishwa, unalichukua mwenyewe, na kaunta ya pili haikupokei mpaka yabaki masaa mawili. Na sisi tulikuwa na begi mbili na kikapu cha ng'onda. Shangazi hawezi kwenda kwa watu Nairobi mikono mitupu, alianika papa na nguru wake wiki nzima juu ya dari, akafunga kwa magazeti na gunia, na bado harufu inatembea. Kijana wa tuktuk alivyotia kile kikapu nyuma akasema, "Mama, hii ni ya Lamu yenyewe." Shangazi akafurahi akamuuliza watu wake ni wa wapi, akasema Ganda, na toka hapo wakawa wanazungumza wao wawili mi sina nafasi.

Yule kijana ndo alitupeleka kwenye duka moja karibu na soko, mwenye duka anamjua, akatuwekea mizigo yote nyuma ya magunia ya mchele kwa shilingi mia mbili. Nikashukuru nikaondoka. Sikuuliza anafunga saa ngapi. Siku ilikuwa Ijumaa na mimi ni mtoto wa Kiislamu nimezaliwa Lamu nimekulia Lamu, na sikuuliza.

Saa tatu tumekaa kwenye benchi tunakula mahamri na mbaazi, na huu ndo uamuzi nilioujivunia siku nzima. Wazo la kwanza lilikuwa tuanze na mnara halafu tuje tule, ila mahamri ya asubuhi hayakungoji, ikishafika saa nne yule mama ameshaosha sufuria amekwenda zake, na ukikuta yamebaki ni yale yaliyopoa yakawa magumu. Sisi tulikuta karai bado liko motoni. Anayatia yale ya pembe tatu bapa, yanazama, halafu yanapanda juu yanafura kama yamepuliziwa, anayageuza mara moja tu anayatoa. Ukilichana linatoa mvuke na harufu ya iliki, ndani tupu, na ule utupu ndo mahala pa mbaazi. Mbaazi zake zilikuwa nzito, tui limeshikana na punje, kitunguu kimelainika mpaka hukioni, pilipili nzima juu haijapasuka. Shangazi akatafuna polepole, akasema, "Iliki wametia, nazi wameiogopa." Lakini alikula matano. Mi nilikula sita na chai ya maziwa ya tangawizi, na wawili sisi tulishiba kwa pesa ambayo eapoti hainunui hata soda na keki.

Kutoka hapo nikampeleka kwenye mnara wa Vasco da Gama moja kwa moja, kabla jua halijawa kali, manake pale ni kwenye jabali limeingia baharini na kivuli ni cha kutafuta. Pia nilipenda shangazi afike pale akiwa bado na nguvu. Kijana wa tuktuk alikubali kutungoja. Tiketi ya makumbusho ni moja inakuingiza mnara, kanisa dogo la Wareno na nyumba ya makumbusho, unalipa kwa simu, kwa hivyo uwe na chaji na uwe na bando, usitegemee noti.

Mnara wenyewe ni mweupe, umbo la pia iliyogeuzwa, juu pana msalaba wa mawe. Ile pia ya chini ilijengwa baadaye kuushikilia msalaba usianguke, kitu cha kale hasa ni ule msalaba, jiwe lake lilitoka Lisbon na limechongwa nembo ya Ureno. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498 ametoka Mombasa ambako hawakuelewana kabisa, na mfalme wa Malindi aliyekuwa na ushindani wake na Mombasa akampokea vizuri, akampa na rubani wa kumvusha bahari mpaka Calicut, India, wakafika Mei. Nilimueleza shangazi hivyo. Alinyamaza muda mrefu anatazama mawimbi yanapiga chini. Halafu akasema, "Na sisi ndio tuliowaonesha ndia." Sikuwa na la kumjibu. Karibu miaka mia moja baadaye, 1593, Wareno walihama wakaenda kujenga Fort Jesus Mombasa, na sheikh wa Malindi naye akahamia kule, mji huu ukabaki kupungua, kwa hivyo ile karamu waliyoifanya haikuwafaa muda mrefu. Ukisimama pale na mtu mzima wa pwani yenyewe, hiyo historia inakuwa nzito kuliko ukiisoma.

Kanisa dogo tulilipita haraka. Ni chumba kimoja cha makuti, makaburi yamekizunguka, na mtakatifu wa Wakatoliki Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Pazuri, patulivu, dakika kumi zinatosha.

Aiskrimu nayo tulikula. Malindi ina Waitaliano toka zamani, wale wa roketi wa Ngomeni na watalii waliowafuata, na ndo maana vijana wa ufukweni wanakusalimia ciao kabla ya jambo na aiskrimu ya pale ni ya Kitaliano kweli kweli. Shangazi alichagua ya nazi. Nilimwambia achukue nyingine, ya nazi atapata nyumbani, akasema anataka aone wameifanyaje. Alilamba mpaka ikabaki ile koni, koni akaifunga kwenye leso amuwekee mjukuu.

Saa tano na robo tukaingia makumbusho, ile nyumba ya nguzo karibu na gati. Hapa ningekaa nusu siku. Kuna vigango, zile mbao za Wagiriama zilizochongwa kwa ajili ya wakubwa waliokufa, na kijana wetu wa tuktuk ambaye tulimuingiza na sisi akawa yeye ndo mweleza, akasema kigango hakihamishwi ovyo, kina mwenyewe, na vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo. Kuna habari za coelacanth, samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha kabla hata ya binadamu, mpaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini, na mwaka 2001 akaingia wavuni hapa Malindi. Shangazi na macho yake yale akasogea mpaka karibu na kioo. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi. Akaniambia miguu ile ya samaki, yale mapezi yake yenye nyama, mumewe aliwahi kumhadithia samaki wa namna hiyo na yeye hakumuamini. Alirudia mara mbili, "Na mimi nikamwambia muongo." Nilimshika mkono tukakaa kwenye kiti cha mlinzi.

Na kuna kisa cha twiga, ambacho mi nakipenda kuliko vyote. Mwaka 1415 twiga wa kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China kama zawadi, na wao wakamuona ni yule mnyama wao wa hadithi mwenye baraka. Shangazi swali lake lilikuwa la mtu wa jahazi: walimpakia vipi, na miezi yote ile alikuwa akinywa mai gani. Hayo ndo maswali ya maana.

Tulitoka saa sita kamili na hapa ndo nianze kusema makosa.

Saa sita kamili ya Ijumaa ni saa ya kula, kama hukula kabla. Hoteli za Waislamu zinapakua biriani mapema siku hiyo, na ikifika saa sita na nusu zinafunga, watu wanakwenda msikitini, wakirudi wanamiminika kwa pamoja. Mi nilikuwa nimeshapanga kichwani kwamba biriani ni saa saba, kwa sababu saa saba ndo saa ya chakula cha mchana, basi. Tulipofika mlangoni pa hoteli niliyoelekezwa wanateremsha mlango. Harufu ya zafarani na vitunguu vya kukaanga inatoka chini ya chuma na sisi tuko nje.

Kijana wa tuktuk akasema yeye ana abiria wa Watamu, atarudi saa nane na nusu atupeleke. Tukabaki mi na shangazi, jua kichwani, na yeye anataka mahala pa kutawadha aswali. Tukaingia mtaa wa Shela, manake Malindi nayo ina Shela kama sisi, ni mji wa kale ule wa karibu na msikiti wa Juma na yale makaburi ya mnara ya karne na karne. Nilipiga hodi mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Akatoka mama wa makamo, buibui nusu.

"Assalamu alaykum. Samahani mama, sisi wasafiri, nina shangazi yangu hapa anatafuta pa kuswalia."

"Wa alaykum salaam. Ndo unasema ukiwa nje? Ingieni. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mwatoka wapi?"

"Amu."

"Ala! Nyanyangu mzaa mama wa Amu. Karibu, karibu ndani, mwache kijana ende msikitini."

Nikamuacha shangazi hapo. Yeye ni msafiri, akaswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja na kwa kupunguza, hivyo mchana wake wote ukawa wazi, na hili ni jambo ambalo msafiri Muislamu alipange toka asubuhi manake linakupa nafasi kubwa. Mi nikaenda Ijumaa. Simu nikaizima sauti kama inavyopasa.

Swala ilitoka saa saba na robo hivi. Badala ya kutazama simu nikakimbilia biriani. Foleni mpaka barabarani, nikangoja, nikafika mbele nikaambiwa biriani imekwisha, kuna wali mweupe na maharage. Dakika ishirini na tano zimekwenda. Nikarudi Shela mikono mitupu nimekunjamana, nakuta shangazi amekaa kwenye mkeka na sinia mbele yake na mwenye nyumba ananiita, "We kijana ulikwenda wapi, chakula kinapoa."

Wali wa nazi, kila punje imesimama peke yake na bado inang'aa. Samaki wa kupaka, changu mzima aliyechomwa kwenye makaa halafu akapakwa rojo la tui na ukwaju na bizari akarudishwa motoni mpaka likashika rangi kahawia pembeni, ukiinua nyama inaachia mfupa bila kulazimishwa. Achari ya embe. Kachumbari. Maji ya balungi baridi. Shangazi aliyesema nazi ya mahamri imeogopewa, hapa hakusema kitu, alikuwa anakula na ananitolea miiba. Nitasema wazi, hakuna hoteli ingetupa sahani ile, na tuliipata kwa sababu shangazi alihitaji kuswali na mwenye nyumba hakukubali mgeni aondoke na njaa.

Saa nane na dakika tano nikanawa mikono nikatazama simu. Mesej ya shirika la ndege, imeingia saa sita na dakika hamsini na mbili. Ndege imewahishwa, inaondoka saa kumi kasoro dakika kumi. Kaunta inafungwa saa tisa na dakika tano. Dakika arobaini zetu zimekatwa kwa mstari mmoja wa mesej, saa ya Ijumaa, na hakuna aliyepiga simu. Shirika sitalitaja, lakini kumhamisha abiria mzee bila kumpigia simu si uungwana, na mesej si taarifa mpaka isomwe.

Bado nilikuwa na saa nzima na eapoti ni dakika kumi, kwa hivyo sikutetemeka. Nilitetemeka nilipokumbuka mizigo. Nikamuacha shangazi hapo hapo nikakimbia mpaka dukani. Kufuli. Ijumaa mwenye duka anafunga kabla ya swala, anakwenda kula kwake, analala kidogo, anafungua baada ya alasiri. Kitambulisho changu kiko mfukoni ila kitambulisho cha shangazi na barua ya hospitali viko ndani ya begi, nyuma ya magunia ya mchele, nyuma ya kufuli. Bila kitambulisho hapandi.

Namba ya simu ya mwenye duka sikuchukua. Kijana wa tuktuk anayemjua nikampigia, hapatikani, yuko njia ya Watamu. Saa nane na robo. Mtaa mtupu kabisa, paka na mimi. Aliyeniokoa ni mzee muuza kahawa, amekaa kwenye kibaraza na mdila wake, jiko la makaa chini, anagonganisha vikombe ingawa hakuna mteja. Nikamuamkia nikamueleza huku nahema. Hakuinuka wala hakuharakisha, akamuita mtoto wa dirisha la juu, "Kamuamshe fulani mwambie kuna wageni wa Amu ndege inawaacha," mtoto akatoka mbio, na mi mzee akanimiminia kikombe. Kahawa chungu ya tangawizi na kipande cha kashata ya njugu. Nilikinywa nimesimama. Kila nikienda nyumbani kwa watu wa Malindi nitakuwa namkumbuka yule mzee na utulivu wake ule.

Saa nane na dakika thelathini na tano mwenye duka akaja juu ya bodaboda amevaa kikoi na fulana, macho bado ya usingizi, anaomba radhi yeye wakati mkosa ni mimi. Tukatoa mizigo. Kijana wetu naye akatokea, alikuwa ameona simu zangu, tukaenda Shela kumchukua shangazi. Na hapo tukapoteza dakika tano nyingine, manake shangazi alifungua gunia barabarani akachagua nguru mkubwa kuliko wote akampa mwenye nyumba kwa mikono miwili, na mwenye nyumba akasema subirini akarudi ndani akaleta kifurushi. Nilikuwa naungua lakini sikumharakisha, hilo lilikuwa na haki ya kufanywa sawasawa.

Eapoti tulifika saa tisa kasoro dakika mbili. Dada wa kaunta alitazama saa akatutazama akachukua vitambulisho. Tulikuwa wa mwisho.

Nimeulizwa na watu baada ya hapo kwa nini sikumpeleka Gedi. Gedi iko kusini kilomita kama kumi na sita, mji mzima wa mawe ndani ya msitu, ulichimbuliwa kuanzia 1948 na James Kirkman, na mwaka 2024 UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia. Ukiwa kijana una begi la mgongoni na si Ijumaa, unaweza, nenda Gedi kwanza baada ya mahamri, rudi saa sita ule, halafu makumbusho yaliyo mjini. Ila kule ni kutembea kwenye mizizi na mawe, na goti la shangazi lingeisha siku hapo hapo. Bustani ya baharini pia naipenda, ile ni ya mwanzo kabisa Kenya, toka 1968, lakini boti ya kutazama samaki inafuata maji kupwa, na wakati mto umejaa maji ya bahari yanakuwa tope huoni kitu, kwa hivyo uliza maji kwanza ndo ulipe. Na viazi karai tulivikosa kwa sababu karai zake zinawekwa motoni alasiri, sisi tukiwa eapoti. Mwenye koneksheni ya jioni ndo vyake hivyo, na mishkaki ya barabarani.

Ningefanya tena safari hiyo ningebadilisha vitu vichache tu. Ningekula biriani saa tano na nusu. Ningetoa kitambulisho na barua ya hospitali kwenye begi nikavitia kwenye mkoba wa shangazi kabla ya kumkabidhi mtu yeyote mzigo, na ningechukua namba ya mwenye duka na kumuuliza saa zake. Ningelipigia simu shirika saa sita mchana kuuliza ndege iko vilevile, manake hizi ndege ndogo zinasogezwa mbele na nyuma kila mara. Asubuhi yote ningeiacha kama ilivyokuwa, na Shela pia, ingawa Shela haikupangwa.

Ndani ya ndege shangazi alifungua kile kifurushi. Kaimati, bado za moto kidogo, zimegandana kwa shira. Alinipa tatu, zake tatu, zilizobaki akazifunga tena. Macho yaliangaliwa Jumatatu, anatakiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na daktari amesema ataona. Usiku ule ule tuliofika Nairobi saa mbili simu yangu ikalia, namba ngeni, ni yule mama wa Shela anauliza wageni wake walifika salama, na anataka kuzungumza na shangazi. Nikampa. Wakazungumza habari za watu wa Langoni na Mkomani, mitaa ya Lamu, watu ambao mi siwajui, nani kamuoa nani, mpaka salio la yule mama likakatika, na shangazi akanirudishia simu akaniambia nimpigie.

Nikampigia.